Samaki mgeni akitokea, tumuulize nani?



Juma hili tuzungumze juu ya samaki. Bei yake tuiache kwanza, maana kila mmoja wetu anaijua na kuililia. Nataka tumwangalie samaki anayekutwa fasi isiyo yake: samaki wa kilindi, anayekaa gizani chini kabisa, halafu siku moja anaonekana juu ya maji, au ndani ya wavu, au juu ya meza ya sokoni, na hakuna anayejua jina lake.

Nimefikia somo hili kwa sababu ya wanafunzi wangu wa mwaka wa sita. Tulikuwa tunasoma juu ya viumbe vya majini, mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, kule chini kabisa ya Tanganyika kuna nini?” Mwingine akajibu kabla yangu kwamba kuna majini wanaovuta watu. Darasa zima likacheka, lakini niliona wengine hawakucheka kwa moyo wote. Nikawaambia tutalijibu swali hilo taratibu. Leo nalijibu pamoja nanyi, lakini kwanza tutembee kidogo.

SAMAKI ASIYE NA MACHO WA MTO WETU

Tuanzie nyumbani, katika nchi yetu wenyewe. Mto Kongo tunaujua kwa ramani ya shule: mshipa mnene unaozunguka nchi na kumwagika baharini. Ukipita Kinshasa, mto ule mpana unabanwa na mawe, unakuwa mwembamba, unashuka kwa nguvu hadi Matadi. Maji yakibanwa hivyo yanachimba. Wachunguzi walioshusha vipimo vyao katika sehemu hiyo walikuta fasi ambazo kina kinapita meta 200. Hakuna mto mwingine duniani unaojulikana kuwa na kina kama hicho.

Katika maji hayo, upande wa Luozi na Bulu, wavuvi walizoea kuokota samaki mdogo wa ajabu. Ni mweupe kama mtu asiyeona jua, na macho yake yamefunikwa na ngozi, haoni kitu. Wenyeji wamempa jina la kuchekesha: “mondeli bureau”, yaani mzungu wa ofisini, yule anayeshinda ndani bila kuonja jua. Wenye elimu ya samaki walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1976 na kumwita Lamprologus lethops. Ni ndugu wa mbali wa samaki wengi wa mawe tunaowaona hapa Tanganyika.

Lakini kulikuwa na fumbo. Karibu kila mara samaki huyu alipatikana akiwa amekufa au anakata roho. Kwa nini?

Mama mmoja mchunguzi, Melanie Stiassny, wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York, alifanya kazi miaka mingi na watu wa sehemu zile. Siku moja alikabidhiwa samaki huyo akiwa bado na uhai kidogo. Alipokuwa anakufa, mama yule aliona vipovu vya hewa vikijitokeza chini ya ngozi na kwenye mashavu. Hapo akapata njia ya jibu.

Nieleze kama ninavyoeleza darasani. Chukua chupa ya Fanta ambayo haijafunguliwa. Huoni povu, kwa sababu hewa imebanwa ndani ya maji yake. Fungua kifuniko: povu linapanda mara moja. Ndivyo ilivyo kwa mwili ulioishi chini sana. Kila meta 10 unazoshuka majini, mbano unaongezeka sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mwili unaozoea mbano ule, ukiletwa juu kwa ghafla, hewa iliyo katika damu inatoka kama povu la Fanta, na mwili unaharibika. Watu wanaozama kwa kazi baharini wanajua ugonjwa huo, ndiyo maana wanapanda polepole. Mondeli bureau hana uchaguzi. Maji yenye nguvu yanambeba kutoka kilindini na kumtupa juu.

Angalieni vizuri, mama zangu. Mchunguzi alikuwa na elimu na vipimo. Samaki wenyewe waliokotwa na wavuvi, na ni wao waliokuwa wanamjua na kumwita jina. Kama wangemtupa bila kusema, fumbo lingebaki chini ya maji.

SAMAKI ALIYEDHANIWA AMEKWISHA

Sasa twende baharini, Afrika ya Kusini, katika mji unaoitwa East London. Ni tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1938. Dada mmoja wa miaka 31, Marjorie Courtenay-Latimer, anasimamia jumba dogo la makumbusho. Hakuwa na diplome ya chuo kikuu. Alikuwa karibu kuanza masomo ya uuguzi alipopata kazi ile. Lakini alikuwa na desturi moja: alifanya urafiki na wavuvi, na mashua ilipotia nanga alikwenda kuangalia kilichopatikana.

Siku ile alikwenda bandarini kuwatakia wavuvi Noeli njema. Katika lundo la samaki akaona pezi la rangi ya buluu. Akaondoa samaki wengine, akakuta mmoja wa urefu wa meta moja na nusu, kilo 57 na zaidi, magamba magumu, na mapezi yaliyosimama juu ya vishina vya nyama, kama miguu mifupi.

Hakumjua, lakini alijua kwamba hamjui, na kwamba hiyo si sababu ya kumwacha. Dereva wa taksi alikataa kumbeba kwa sababu ya harufu, mpaka wakabishana. Mkubwa wake kazini alimwambia ni samaki wa kawaida tu. Chumba cha maiti kilikataa kumhifadhi. Basi akachora picha yake kwa mkono, akaandika barua, akamtumia mwalimu mmoja wa chuo, J.L.B. Smith. Joto lilikuwa kali na samaki alianza kuoza, ikabidi matumbo yatupwe na ngozi ihifadhiwe. Smith alipofika kumwona, mwezi wa pili mwaka 1939, alithibitisha kwamba ni silikanti, samaki wa ukoo ambao wataalamu waliujua kwa alama za kwenye mawe tu. Waliamini umekwisha duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Smith alimpa samaki jina la dada yule: Latimeria.

Mimi huwa nawaambia wasichana wa darasa langu: jina hilo lilipatikana kwa sababu mtu mmoja alikataa kunyamaza alipoambiwa “huyo ni samaki wa kawaida”.

GOMBESSA, NA MWALIMU WA SHULE

Smith aliamini kwamba silikanti yule alipotea njia, kwamba kwao ni mahali pengine. Akatafuta miaka 14. Yeye na mkewe Margaret walisambaza karatasi zenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya paundi 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Karatasi zikafika mpaka visiwa vya Komoro.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1952, mvuvi wa kisiwa cha Anjouan, Ahamadi Abdallah, alivua samaki mkubwa usiku na kumpeleka sokoni ili akatwe vipande. Aliyemzuia alikuwa mwalimu wa shule, ambaye alikumbuka picha ya ile karatasi. (Ndiyo, mwalimu wa shule! Nisameheni, lazima nifurahie kidogo.) Samaki akabebwa kuvuka milima hadi bandari ya pili, na Smith akaja kwa ndege ya jeshi kumchukua.

Lakini wavuvi wa Komoro walishangaa kwa sababu nyingine. Walimjua samaki yule tangu zamani. Walimwita gombessa. Walimvua mara moja moja, usiku, kwa mshipi mrefu, na hawakumpenda sana kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi na inaharisha. Dunia nzima ilikuwa inatafuta kitu ambacho wazee wa Domoni walikuwa na jina lake. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Na kule Afrika ya Kusini? Mwaka 2000 wazamiaji walioshuka zaidi ya meta 100, pwani ya Sodwana, waliwakuta silikanti wakiwa hai katika mapango yao. Kumbe kule pia ni kwao. Tukisema samaki “amepotea njia”, mara nyingine ni sisi ambao hatujui njia zake zote.

SOKONI MANADO, NA WAVUVI WA TANGA

Mwaka 1997, mbali sana, katika mji wa Manado nchini Indonesia, mwanamke aitwaye Arnaz Mehta alikuwa anatembea sokoni na mumewe, mtafiti wa bahari. Ni mwanamke yule aliyemwona samaki mnene wa ajabu akipitishwa juu ya mkokoteni. Alikuwa silikanti, karibu kilomita 10,000 kutoka Komoro. Mwaka uliofuata wavuvi walileta mwingine, na wataalamu wakakubali kwamba ni aina ya pili. Hata kule wavuvi walikuwa na jina lake, maana yake mfalme wa bahari.

Kisha ikawa zamu ya ndugu zetu wa pwani ya Tanzania. Kuanzia mwaka 2003 silikanti walianza kukamatwa, hasa upande wa Tanga, kwa nyavu za jarife, zile za papa zinazotegwa chini sana. Mmoja, halafu mwingine, mpaka wakawa makumi. Watu walifurahi kuwaona, lakini wenye kufikiri walipata wasiwasi. Samaki hawa hawakupanda wenyewe. Nyavu ndizo zilizoshuka mpaka kwenye mapango yao.

Hapa nataka sisi wazazi tusikilize vizuri. Silikanti hatagi mayai. Anazaa watoto walio hai. Mwaka 1991, jike aliyevuliwa Msumbiji alikutwa na watoto 26 tumboni. Na wachunguzi waliohesabu alama za magamba yake walikadiria mwaka 2021 kwamba mimba yake inachukua karibu miaka mitano, na kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100. Sisi tunaolalamika kwa miezi tisa! Samaki anayezaa polepole hivyo, ukimvua jike mmoja umemaliza kazi ya miaka mingi. Ndiyo sababu serikali ya Tanzania, mwaka 2009, ilitenga sehemu ya bahari ya Tanga kuwa hifadhi yenye jina la samaki huyo.

NA TANGANYIKA YETU?

Sasa nalijibu swali la mwanafunzi wangu. Ziwa letu lina kina cha meta 1,470 hivi. Kwa maziwa yote ya dunia, ni Baikal tu, la Urusi, linalolipita. Kwa hiyo mtoto anafikiri: kama bahari ina silikanti, basi Tanganyika lazima lina kitu kikubwa zaidi.

Lakini maji ya Tanganyika hayachanganyiki yote kwa yote. Upande wetu wa kaskazini, ukipita meta 100 hivi, hewa ya oksijeni inakwisha. Upande wa kusini inafika chini zaidi, kama meta 200. Chini ya hapo samaki hawezi kupumua. Ndagala, mukeke, sangala, kuhe, na wale wadogo wa mawe wote wanaishi katika ile ngozi ya juu. Linganisha na nyumba ya ghorofa kumi na nne ambayo watu wanaweza kukaa katika ghorofa ya juu kabisa peke yake. Kule chini kuna giza na vijidudu visivyohitaji oksijeni. Majini wa mwanafunzi wangu wangekosa hewa.

Hii inatufundisha jambo la kutumia nyumbani. Upepo mkali unaweza kuyatikisa maji na kupandisha yale yasiyo na hewa. Hapo utaona samaki wanahema juu, au wanaelea wamekufa. Mtu akiwaona wengi namna hiyo atasema ni baraka, au atasema ni uchawi. Inaweza kuwa ni maji tu yamegeuka, na inaweza kuwa ni sumu. Kwa macho hutaweza kutofautisha.

Na hilo la uchawi tuliseme wazi, maana linaumiza watu. Kitu cha ajabu kikitoka majini, wengine huanza kutafuta nani wa kulaumu, na mara nyingi kidole kinaishia kwa mama mzee anayeishi peke yake, au kwa mtoto asiye na wa kumtetea. Samaki mweupe asiye na macho hakutumwa na mtu. Alibebwa na maji. Mtoto anayejua habari ya chupa ya Fanta hatashika jiwe kumrushia bibi wa jirani.

TUFANYE NINI?

Ninyi mnaopokea ndagala alfajiri kutoka kwa wavuvi wa taa, mnaoanika, mnaopanga mafungu, mnashika samaki wengi kwa siku moja kuliko mchunguzi kwa mwezi. Mgeni akitokea katika lundo, jicho la kwanza kumwona litakuwa lenu. Kwa hiyo nashauri haya:

1. Usimtupe na usimkate haraka. Mweke pembeni, kivulini, na barafu ukiipata. Kama barafu hakuna, chumvi itasaidia.

2. Piga picha kwa telefoni, ubavu mzima, na weka kibiriti kando yake ili ukubwa uonekane. Asiye na telefoni achore. Dada wa East London alichora kwa mkono, na mchoro ule ulitosha kumshtua mtaalamu.

3. Andika mara moja, kabla habari hazijabadilika mdomoni: siku gani, fasi gani, wavu wa namna gani, ulishuka kiasi gani. Muulize mvuvi kwa upole, yeye ndiye aliyekuwepo.

4. Muulize mzee jina lake. Labda kwa Kivira, Kifuliiru au Kibembe jina lipo tayari, kama gombessa. Samaki mgeni kwako anaweza kuwa mwenyeji kwa bibi yako.

5. Peleka habari. Hapa Uvira tuna Kituo cha Uchunguzi wa Viumbe vya Maji, CRH. Ukishindwa kufika, mpe mwalimu wa mtoto wako, na amwandikie mtu wa kituo.

6. Samaki usiyemjua usimpike. Na wale waliokutwa wanaelea wamekufa usiwanunue kwa sababu ni rahisi, wala usiwachanganye na wengine mezani. Najua pesa ni ngumu. Lakini dawa ya kuharisha kwa watoto watatu ni ghali kuliko fungu la samaki.

Mtu atauliza: faida yangu ni nini? Sitaahidi zawadi ya paundi 100. Lakini fikirini juu ya Tanga. Samaki wa karibu wakipungua, nyavu zinakwenda mbali na chini zaidi, na wageni wanaanza kutokea katika lundo. Kwetu pia wavuvi wanasema usiku unakuwa mrefu na ndagala inakuwa kidogo, hata siku ambazo mwezi si mkubwa. Mama anayeandika alichokiona, siku kwa siku, ndiye atakayeweza kusimama mbele ya wakubwa siku wanapopanga sheria za ziwa, na kusema: nilikuwepo, hizi ndizo tarehe. Bila daftari, watatuambia “huyo ni samaki wa kawaida”, na tutanyamaza.

KAZI YA NYUMBANI

Juma hili, kila familia ichukue karatasi moja. Mtoto akae karibu na bibi au babu, aandike majina ya samaki wote wanaowakumbuka, kwa lugha ya nyumbani, na kando ya kila jina aandike: bado tunamwona, au hatumwoni tena. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na majina hayo hayamo katika kitabu chochote nilichofundishia. Leteni karatasi hizo siku ya mkutano wa chama. Tutazikusanya katika daftari moja, na majina tutayachapa hapa, pamoja na jina la mzee aliyetupa, akikubali.

Juma lijalo tutazungumza juu ya maji ya kunywa wakati wa mvua, na namna ya kuyatunza katika bido bila kuharibika. Mpaka hapo, mbaki salama ninyi na watoto.

Mwalimu wenu